Kuwafuata waandishi mtandaoni nikiwa Mtwara: uzoefu wangu, Facebook mpaka grupu la kulipia

Habari zenu wapenzi wa riwaya. Watu wengi huku Mtwara wananiuliza hadithi nazipata wapi na mwandishi fulani nimezoeana naye vipi, sasa leo naeleza yote. Huku kwetu ukisema duka la vitabu wengi wanaelewa vitabu vya shule, madaftari na rimu, riwaya mpya ya Kiswahili mpaka uagize Dar. Na zamani mwandishi alikuwa jina tu juu ya jalada na sanduku la posta la mchapishaji kule ndani, unamaliza kitabu una maswali kibao na wa kumuuliza hakuna. Kwa msomaji wa mikoani hii mitandao imetusaidia sana, nasema kwa moyo wote, ila siyo yote inafaa sawa.

Nianze na Facebook maana waandishi wetu wengi wako huko. Wanaposti hadithi vipande vipande, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikifika patamu panakatwa unaambiwa anayetaka mwendelezo aje WhatsApp alipie. Kuna watu wanalalamika sana kwenye komenti kuhusu hilo, mimi nawatetea waandishi, mtu amekesha anaandika na bando kanunua mwenyewe, kwa nini asilipwe? Kama unataka akujibu komenti palepale kwenye posti, tena mapema kabla komenti hazijajaa. Inboksi usiitegemee. Kama hamjawa marafiki meseji yako inaingia kwenye maombi ya ujumbe na wengi hawafungui kule, na akaunti ya mwandishi anayejulikana unakuta imeshafika marafiki 5,000, Facebook haimruhusu kuongeza, kwa hiyo unabaki mfuasi tu.

Instagram naipenda kwa laivu, mwandishi anasoma kipande kwa sauti yake na unaweza kumtupia swali hapohapo. Shida ni bando, na usiku mtandao ukizidiwa inagandaganda mpaka utamu unaisha, bora aiache kwenye ukurasa uje kuiangalia asubuhi. Goodreads nilijiunga, ni ya Amazon tangu 2013 na kuna sehemu ya kumuuliza mwandishi maswali, lakini kwa msomaji wa Kiswahili kumepooza, waandishi ninaowasoma mimi wengi hawapo.

Chaneli za WhatsApp zilizoanza 2023 ni nzuri kwa taarifa, kitabu kimetoka, bei hii, kinapatikana wapi, na wafuasi wenzako hawaioni namba yako. Ila mara nyingi unachoweza kufanya ni kupiga emoji au kura basi, ni kama tangazo la msikitini, unasikia vizuri lakini hujibu.

Kilichonikuna ni grupu la kulipia la WhatsApp. Nililipa kwa simu, nikaungwa, kila jioni sehemu mpya inatumwa na baada ya hapo wasomaji tunachambua na mwandishi mwenyewe yupo anasoma. Kuna hadithi moja ilipita huku kusini, mhusika akapanda juu ya mkorosho akawa anachuma korosho anatia kwenye kiroba. Mimi nimekulia Tandahimba, nilivyosoma pale nikajua huyu mwandishi hajawahi kuingia shamba la korosho msimu ukiwa umekolea. Nikamwandikia, shikamoo mwalimu, naomba nikueleze kitu kuhusu sehemu ya leo. Korosho ya kuuza huwa hatupandi mtini kuichuma, unaliacha bibo, lile tunda linaloshika korosho, liive lianguke lenyewe, asubuhi mnapita chini mnaokota, unaishika korosho unaizungusha mpaka inakonyoka kwenye bibo, mabibo yanabaki pale nzi wanajaa, mengine ndo hayo yanayokamuliwa pombe ya uraka. Ndo maana kabla ya msimu lazima upalilie chini ya miti pawe peupe, usipopalilia utaokota nini kwenye majani? Nikamwambia na kuhusu kukausha juani kabla hazijapelekwa chama cha msingi cha ushirika, maana kwenye hadithi zilitoka shamba zikaenda moja kwa moja ghalani.

Basi akanijibu kwa voisi, marahaba mwanangu, akaanza kuuliza yeye sasa. Mnaondoka nyumbani saa ngapi, watoto wanaenda, bibo likiwa limeoza linanukaje, anayeokota anavaa nini. Tulienda hivyo mpaka usiku na wenzangu wa Newala na Nachingwea wakaongezea yao. Kitabu kilivyokuja kuchapwa ile sehemu imebadilika kabisa, mhusika ameinama anaokota na vidole vinanata maji ya mabibo. Jamani nilifurahi, nilimsomea mama kwa sauti na yeye akasema huyu mtu atakuwa wa huku.

Kasoro za magrupu zipo. Namba yako inaonekana kwa kila mtu, mabinti wengi wanafuatwa inboksi na watu wasiowajua, mwandishi anayejali anaweka admin mkali na anatoa mtu siku hiyohiyo. Halafu akaunti feki, ndugu yangu mmoja wa Lindi alitumiwa ujumbe na mtu mwenye picha na jina la mwandishi anayempenda akaambiwa atume hela ya kitabu, hela ikaenda na kitabu hakikuja. Kabla hujalipa angalia namba iliyochapwa kwenye kitabu chake cha nyuma au iliyopo kwenye ukurasa wake wa siku zote, na jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo lifanane na aliloandika yeye mwenyewe. Na hadithi uliyolipia usiisambaze bure kwenye magrupu mengine, hiyo inawaumiza sana waandishi, wengine wameacha kuandika kabisa.

Kuhusu kitabu chenyewe cha kushika mkononi, nikishaongea na mwandishi ananitumia kwa basi, nakifuata stendi kimesainiwa na jina langu limeandikwa. Isipokuwa Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya barabara ya kutoka Dar ilikatika kule Somanga, mabasi yakakwama, na katikati ya mwezi kebo za baharini nazo zikapata hitilafu intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Mwandishi mmoja alinipigia simu ya kawaida kunijulisha kitabu kipo salama kwa wakala, kitu ambacho sikutegemea kabisa na tangu hapo kila anachotoa nanunua.

Ukitaka mwandishi akukumbuke usiishie kuandika hongera kazi nzuri, taja mhusika, taja pale ulipokasirika, muulize kwa nini yule bibi alifichwa siri mpaka mwisho. Wanajibu. Na nyie waandishi mnaopita hapa, mkitangaza kitabu andikeni na nauli ya kukituma mpaka Lindi, Masasi na Mtwara kwenye posti hiyohiyo, wateja huku tupo na msimu wa korosho hela ipo.