Miezi minane na baiskeli ya bei nafuu: niliyoyaona

Nina miaka 41, na kabla ya baiskeli hii mara ya mwisho kukanyaga pedali nilikuwa na miaka 16. Watu husema baiskeli haisahauliki. Kwa upande wa kutoanguka ni kweli. Ndani ya dakika tano nilikuwa naenda bila kuyumba. Yaliyosahaulika ni mengine: kugeuza shingo kutazama gari la nyuma bila usukani kuifuata shingo, kuachia mkono mmoja kuonyesha naelekea wapi, na kushuka. Kushuka hasa. Siku ya kwanza nilisimama kwa kudaka ukuta.

Sasa ni miezi minane, kilomita sita kwenda kazini na sita kurudi, karibu kila siku. Naweza kuisema vizuri na vibaya.

Siku ya kununua zilikuwepo mbili za bei moja. Ya kwanza ilikuwa na shokapu mbele na katikati, breki za diski na maandishi makubwa ya gia 21. Ya pili ilionekana maskini: fremu ya chuma, foko ngumu isiyo na shokapu, gia saba za nyuma tu, breki za kubana rimu. Nakiri mkono ulikuwa tayari umeshika ile ya kwanza. Nikaomba kuizungusha kidogo pale nje, na kila nilipokanyaga pedali niliona baiskeli inainama kwanza ndipo inaenda; nusu ya nguvu zangu ilikuwa inaliwa na springi. Nikaiinua kwa mkono mmoja, nikairudisha chini haraka. Ukiwaza ni hesabu tu: kama bei ni ile ile, hela ya shokapu mbili imetolewa mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye breki, gololi na rimu. Na gia 21 zisikutishe. Ni vyuma vitatu vya meno mbele mara saba vya nyuma, na nyingi kati yake zinarudia uzito ule ule. Nikachukua maskini.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Nilishusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikae chini, kwa sababu niliogopa kuanguka. Wiki ya pili magoti yakaanza kuuma upande wa mbele, nikadhani ni umri. Haukuwa umri. Kiti hupimwa hivi: kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Nilipandisha kiti karibu upana wa vidole vinne! Maana yake ukisimama unagusa chini kwa ncha za vidole, au unashuka mbele ya kiti, na hicho ndicho nilichotakiwa kujifunza badala ya kushusha kiti. Magoti yalinyamaza ndani ya siku chache.

Kosa la pili halikuwa langu. Muuzaji aliiunganisha na kuifunga mbele yangu kwa dakika kumi hivi, akipiga soga na simu begani. Siku ya nne upande wa kushoto ukaanza kulia, kra, kra, kila mguu ulipofika chini. Nikaipeleka kwa fundi. Alishika pedali akaitikisa, ikacheza kama jino bovu. Pedali ya kulia hukazwa kama skrubu yoyote, ila ya kushoto nyuzi zake, yaani mistari ya skrubu, ni za kinyume. Yule kijana wa dukani alikuwa ameilazimisha, nyuzi za mkono wa pedali (chuma kinachoishikilia) zikaliwa. Nikamwambia fundi basi nimeuziwa takataka. Akacheka. "Dada, baiskeli haina ugonjwa. Mgonjwa aliyeifunga."

Ikabidi kubadilisha mkono mzima. Fundi akaendelea kwa saa nzima bila kuombwa: akalegeza gololi za gurudumu la mbele zilizokuwa zimebanwa mno, akanyoosha rimu kwa kukaza spoki, akasogeza mpira wa breki uliokuwa unagusa tairi badala ya rimu (huo ungenikatia tairi mchana kweupe). Niliyemwendea na baiskeli inayolia akanirudishia baiskeli kimya. Kwa hiyo unapopanga bei, weka na ya fundi humo humo. Za bei nafuu karibu zote hutoka kwenye boksi zikiwa zimeunganishwa nusu tu, na huko dukani wanazikaza tu.

Baada ya wiki tatu gia zikaanza kuruka zenyewe. Hiyo ni kawaida, waya mpya hulegea. Unazungusha kinati kidogo kilichopo waya unapoingia, nusu mzunguko, unajaribu tena. Makalio nayo yaliuma wiki mbili yakazoea. Usikimbilie kununua kiti kinene kama mto, nilijaribu cha rafiki na baada ya nusu saa kilikuwa kibaya kuliko changu.

Pancha nimepata tatu. Mbili ni uzembe: sikuwa natia upepo wa kutosha, nikagonga ukingo wa shimo, tyubu ikabanwa na rimu. Utaijua pancha hiyo kwa matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na hapo hapo pana namba nyingine iliyonifunza adabu. Nilikwenda kununua tairi nikasema "ishirini na nane", nikapewa, ikagoma kukaa, inapwaya kama kofia ya mtu mwingine. Kumbe 28 zipo za rimu ya milimita 622 na zipo za 635. Yangu imeandikwa 38-622, 38 ikiwa upana wa tairi. Sasa naisoma namba hiyo, sitaji inchi.

Nisichokipenda: ni nzito, kilo 16 kwenye mizani, na kuipandisha ngazi ni adhabu. Breki za rimu mvua ikinyesha huchelewa kushika, kwa hiyo naanza kuzibana mapema kidogo ili zijifute maji. Madigadi ya nyuma yanapiga kelele na nimechoka kuyakaza.

Pedali zilikuwa za plastiki, zikapasuka mwezi wa sita. Nimeweka za chuma. Ya kushoto nimeifunga mwenyewe, kinyume, kwa vidole kwanza mpaka ilipoingia laini, ndipo nikachukua spana.