Kifungo cha mpira cha miguu ya vifaranga: sikitaki tena

Kinauzwa kwa ajili ya kifaranga mwenye miguu iliyotanuka. Nilikifunga majuzi, na siku haikuisha kabla shida haijaonekana: mpira unavuta. Miguu ya kifaranga wa siku mbili inatakiwa ikae chini ya nyonga zake, iachane kama sentimita 2 au 3. Mpira huu uliivuta mpaka ikagusana, akawa anaanguka kifudifudi kila akijaribu kusimama, mabawa yakipapasa sakafu. Nilipomfungua, mstari mwekundu ulikuwa umezunguka muundi pale klipu ya kifungo hicho ilipokaa, na vidole vimevimba, vya baridi.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake: "Mchinje tu." Kifaranga wa siku mbili! Mifupa bado laini, na akifungwa vizuri mapema wengi husimama ndani ya siku chache.

Bandeji inayojishika yenyewe inatosha. Kata ukanda wa nusu sentimita kwa upana. Zungusha mguu mmoja, juu ya vidole na chini ya kifundo, vuka, zungusha wa pili, kisha bana katikati pande mbili zishikane. Hapo katikati ndipo penye kazi yote, maana panakuwa pagumu na miguu haivutwi tena. Njiti ya kiberiti isipopita kati ya bandeji na ngozi, umekaza mno. Fungua kila siku, kagua ngozi, funga upya. Mtandikie taulo, si gazeti; gazeti linateleza, na wengi hutanuka miguu kwa sababu hiyo hiyo. Maji weka kwenye kisosi chenye kokoto, kwani aliyefungwa huzama hata kwenye maji kidogo.

Nikisema haki, mpira wenyewe ni imara, na ukiukata katikati ukaunga kwa plasta unakaa sawa. Kwa hilo nilitaka kutoa nyota tatu. Lakini nimesoma tena karatasi ya maelezo: inasema kifungo kinafaa "ulemavu wote wa miguu". Si kweli! Kifundo kikivimba na mguu ukageukia pembeni, huenda kano imechomoka kwenye mfereji wake, na kufunga miguu pamoja hakuirudishi. Vidole vikijikunja kama ngumi, mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2. Hapo mpira utasaidia nini? Mtu atakaa siku tatu akingoja, na siku hizo ndizo kifaranga alizokuwa akizihitaji.

Nyota moja. Na klipu ile waiondoe.