Nilinunua prosesa ya kupunguza kusubiri: uzoefu wangu na Ryzen 7 5800X3D

Nikicheza Civilization VI, gemu ya mikakati ya kujenga dola, lazima mji-dola wa Zanzibar niuweke upande wangu mapema, maana ndio unaokupa karafuu na mdalasini, na kwingine huvipati. Raha hiyo ilikuwa inaishia katikati. Nikifika zamu ya 280, ramani kubwa kabisa, wapinzani 11, kila nilipobonyeza kumaliza zamu kompyuta yangu ya zamani ilikaa sekunde 48 ikipiga hesabu. Naenda jikoni, naongeza chai, narudi, bado. Gemu ngapi nimeziacha nikiwa naongoza, kwa kuchoka kusubiri tu!

Mwishoni mwa 2023 hela ilipotimia nikaenda Kariakoo kununua prosesa mpya, yaani ubongo wa kompyuta. Fundi akaniambia, "Kaka, chukua Ryzen 9 5950X, kori 16, hapo umemaliza." Kori ni sehemu za prosesa zinazopiga hesabu, kila moja peke yake. Alinishauri kwa nia njema, na kwa mtu wa kuhariri video angekuwa sahihi kabisa. Ila gemu za mikakati zina hesabu nyingi zinazongojana: mpinzani wa tatu hawezi kuamua avamie wapi mpaka ijulikane wa pili amepeleka jeshi lake wapi. Kazi ya namna hiyo huwezi kuwagawia watu 16. Anaifanya mmoja, wengine wanamtazama. Unachohitaji ni kori chache zenye mbio, na keshi kubwa, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe.

Mfikirie mama ntilie. Vitunguu, nyanya na chumvi vikiwa mezani pake, sahani inatoka chapuchapu. Akiwa anamtuma mtoto dukani kwa kila kitunguu, hata awe na mikono myepesi namna gani, wateja watalala njaa. Keshi ya L3 ndiyo hiyo meza, na RAM, kumbukumbu kubwa iliyo nje ya prosesa, ndiyo duka. Ryzen 5 5600, ambayo ni prosesa nzuri ya bei nafuu, ina keshi ya MB 32. 5950X ina MB 64, lakini zimegawanywa meza mbili za 32. 5800X3D ina MB 96 mahali pamoja, kwa sababu AMD, watengenezaji wake, walibandika tabaka jingine la MB 64 juu ya lile la kwanza. Kori zake ni 8, zinanitosha na kubaki. Niliichukua hiyo, na kilichobaki kwenye bajeti kikanunua RAM ya GB 32 na SSD ya TB 1.

Siku ya kuiunganisha sitaisahau. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Nikatoa RAM, nikarudisha, nikabadilisha waya, wapi! Kumbe ubao mama niliouziwa, wa aina ya B550, ulikaa stoo muda mrefu na BIOS yake, ile programu ya ubao inayoiwasha kompyuta, ilikuwa ya kabla ya prosesa hii kutoka Aprili 2022. Haikuitambua. Bahati yangu ubao ulikuwa na kitufe cha nyuma cha kubadilisha BIOS kwa flashi. Nikapakua faili kwa simu, nikaliita jina lile lililotajwa kwenye kitabu cha ubao, nikachomeka flashi kwenye tundu lake, nikabonyeza. Taa ndogo ikaanza kuwakawaka. Umeme ukikatika hapo katikati unaweza kuua ubao, kwa hiyo kwanza niliiweka kompyuta kwenye UPS, kisha nikakaa chini sakafuni naitazama ile taa, mkono kifuani. Ilipozima yenyewe nikawasha. Picha ikaja. Tafadhali, ukinunua ubao wenye tundu la prosesa la AM4 kama huu wangu, mwambie muuzaji aweke BIOS mpya mbele ya macho yako kabla hujalipa.

Matokeo? Zamu ileile ya 280, kutoka faili lilelile nililohifadhi, sasa ni sekunde 19. Kwenye mashine ya binamu yangu yenye 5600 ilikuwa 22, kwa hiyo kwa Civilization peke yake usijitie deni. Tofauti niliiona kwenye Stellaris, gemu ya himaya za angani. Kule kuna nyota hadi 1,000, na wakazi wote wanapigiwa hesabu upya mwezi baada ya mwezi. Tulipofika mwaka 2400, mwaka mmoja wa gemu kwa binamu ulichukua sekunde 74, kwangu 53. Kwa mtu anayecheza usiku mzima, hizo ni saa nzima anazookoa. Hata Total War: Warhammer III, majeshi yakishikana pale langoni mwa mji, mambo yanaenda laini.

Kinachonikera ni joto. Boksi haliji na kipozeo, na lile tabaka la juu linazuia joto kutoka. Februari, chumba hakina AC, nimeiona ikifika nyuzi 84, na mwisho wake ni 90. Nikanunua kipozeo kirefu chenye feni ya milimita 120, ikashuka hadi 73. Kihesabu kabisa kwenye bajeti yako.

Ukianza upya leo, ukiwa na uwezo wa kununua ubao wa AM5 na RAM ya DDR5, chukua Ryzen 7 7800X3D: nayo ina MB 96, kori zake zina mbio zaidi, na tundu la AM5 bado linapokea prosesa mpya. Mwenye ubao wa AM4 tayari, 5800X3D iliyotumika ikipatikana kwa bei nzuri, ikague pini zake moja moja kwa tochi ya simu, hakuna iliyopinda, beba.