Warsha ya HROC Mlima Elgon: nenda, lakini nenda na mtu wa upande ule mwingine

Watu wa nyumbani wamekuwa wakiniuliza hii warsha ya HROC ya Wakweka (Quakers, watu wa Friends Church) iko aje, kama kweli inafaa mtu aache shamba siku tatu, sasa wacha niandike yote hapa mara moja.

HROC ni programu ya kuponya na kujenga upya jamii, ilianzia Rwanda na Burundi 2003 kwa mkono wa Wakweka, ikaletwa Kenya baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007. Mnakaa watu kama 20, nusu upande huu nusu upande ule. Na pande zetu, za ule ugomvi wa ardhi ya Chebyuk, kila mtu wa Elgon anazijua. Chebyuk ni mradi wa makazi, ilianzishwa 1971 Waogiek, wenyeji wa msitu, watolewe msituni Chepkitale, ardhi ikagawanywa, ikagawanywa tena, kufika awamu ya tatu watu wakaambiwa wahame, 2006 SLDF (Sabaot Land Defence Force, kikundi cha kupigania ardhi) wakashika bunduki, Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha, na raia akapigwa na huyu akapigwa na yule. Kuna familia mpaka leo hazijui watu wao walienda wapi.

Siku ya kwanza ni kufundishwa jeraha la moyo ni nini. Nilidhani ni maneno ya wasomi. Mzee mmoja akasema tu akisikia helikopta, hata ikiwa mbali, mikono inaanza kutetemeka anaweka kikombe chini, na nikaona watu kama sita wakiitikia kwa kichwa, wa pande zote mbili. Siku ya pili ni ya kulia, sitaandika ya watu hapa.

Siku ya tatu ndio ya miti. Mnachora mti wa kutoaminiana kwa manila, mizizi chini matunda juu, kila mtu anakuja na maka anaandika mzizi wake. Hofu, umaskini, uchochezi, ardhi. Mama mmoja wa Kopsiro alisimama pale muda mrefu na maka mkononi halafu akaandika "kunyamaza". Karatasi ilikuwa inabanduka ukutani, na aliyeshika ile kona ili mama aandike vizuri ni jamaa wa upande ambao mama alikuwa ametuambia jana yake hawezi hata kuwasalimia sokoni. Hakuna aliyewapanga. Baadaye mnachora mti wa kuaminiana na mnaulizana, huu wa kwanza tutaung'oa na nini?

Kitu kingine nilipenda ni kimya. Mimi Friends Church naijua ya nyimbo na mahubiri, vile imekuwa huku kwetu tangu wamisionari wafike Kaimosi 1902, lakini hapa kila kipindi kinaanza na kukaa tu kimya dakika kadhaa, na baada ya mambo mazito mliyosikia hicho kimya kinasaidia kuliko maombi marefu.

Mabaya sasa. Ukumbi tuliowekwa ulikuwa unavuja na chai ilikuja saa sita. Karatasi zingine zilikuwa za Kiingereza, kina mama wakangoja kutafsiriwa, hiyo irekebishwe.

Lakini kubwa ni hili. Mzee wa Kiogiek aliuliza, "Moyo umepona, sawa, nikitoka hapa nalala kwa ardhi ya nani?" Mwezeshaji hakumdanganya, alisema warsha haitoi title deed. Mzee akaendelea, na hiyo nusu saa kwangu ndio ilikuwa warsha yenyewe. Chepkitale ilifanywa hifadhi 2000 bila wenyewe kukubali, na bado 2013 wakaandika sheria zao wenyewe za kulinda msitu, kuchoma makaa marufuku. Wenzao wa msitu wa Mau walishinda kesi kwa Mahakama ya Afrika huko Arusha 2017, 2022 korti ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi ya mababu, halafu Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa tena huko huko Mau. Akasema mvua siku hizi inakuja yote kwa siku moja, upande wa Uganda kule Bududa mlima ulizika watu 2010, na anayejua msitu huu miti yake na nyuki wake ndiye anaambiwa ni adui wa msitu. Mimi ningeomba waongeze siku ya nne, ya ardhi na msitu, na wazee kama huyu ndio wafundishe. Amani ya Elgon bila hiyo itakuwa inarudi pale pale.

Nawapa nyota nne kwa tano. Sikulipa kitu, chakula ni ugali na sukuma, beba sweta. Mwisho mnapeana namba za simu. Huyo jamaa aliyeshika karatasi alinipigia wiki jana, mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima, akaniuliza kama matope yamefika kwa mamangu.