Boonoonoonoos ya Boney M.: niliionea miaka mingi, na yule dijei kaionea zaidi

Niliapa sitaandika nikiwa na hasira kuhusu Boonoonoonoos, albamu ya 1981 ya kundi la disko la Boney M., ile yenye Malaika ndani yake. Zimepita wiki kadhaa na hasira iko pale pale, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Ilikuwa harusini kwa mpwa wangu. Mama yangu si mtu wa kuomba kitu. Chakula kikichelewa atasubiri, kiti kikikosekana atasimama pembeni na kusema hajachoka. Usiku ule akanivuta mkono, akaninong'oneza kwamba angependa kusikia Malaika, "ile ya Boney M., ile ya baba yako." Nikaenda kwa dijei. Nikamwomba kwa adabu zote: kaka, naomba Malaika, lakini iwe ya Boney M., mama yangu ndiye anayeitaka. Akaitafuta kwenye kompyuta yake, akaipata, akaiweka.

Mama akasimama. Akampa shangazi pochi amshikie, akaweka mtandio sawa, akaanza kwenda mbele polepole na goti lake lile linalomsumbua. Hajafika hata katikati ya ukumbi, muziki ukakatwa. Kisha nikasikia sauti kwenye maiki: "Samahanini wageni waalikwa, hiyo siyo Malaika, hao ni wazungu wanatuharibia lugha." Watu wakacheka. Ukaingia wimbo mwingine wa siku hizi, vijana wakajaa pale mbele, na mama yangu yuko katikati yao anatafuta njia ya kurudi kitini.

Nilimfuata yule kijana. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu kwa nini hakuuacha uishe, dakika chache tu. Akanijibu bila hata kuvua vile vitu vyake vya masikioni: "Dada, hiyo albamu hata wenyewe waliikataa. Kama unataka Boney M., nikupigie Daddy Cool."

Mzungu gani? Liz Mitchell, mwenye ile sauti, kazaliwa Jamaika. Marcia Barrett naye Jamaika. Maizie Williams katoka Montserrat, marehemu Bobby Farrell katoka Aruba. Mzungu pale alikuwa mmoja, Frank Farian, Mjerumani mtayarishaji, ambaye ndiye hasa mwenye ile sauti nzito ya kiume tuliyodhani ni ya Bobby. Hao wengine ni vitukuu vya watu waliopakiwa melini kwa nguvu. Mtu wa namna hiyo akirudi na wimbo wa Kiswahili mdomoni, hata kama ulimi unamteleza, wewe unamkatia?

Ila kilichoniuma hadi nikakosa usingizi ni lile neno lake la pili, kwamba albamu yenyewe waliikataa. Lile nimewahi kulisema mimi mwenyewe, tena mbele ya baba yangu akiwa hai. Nilimwambia Boney M. waliishia kwenye albamu ya Oceans of Fantasy, baada ya hapo ni kujikongoja. Hakunijibu kitu. Alibonyeza tu redio, akaendelea kusikiliza.

Ukweli ni kwamba albamu hii ilipokelewa vibaya, na sababu zake zinaeleweka. Nightflight to Venus ya 1978 ilishika namba moja Uingereza. Oceans of Fantasy ya 1979 nayo namba moja. Mkusanyiko wa The Magic of Boney M. wa 1980, namba moja tena. Ndipo 1981 ikaja Boonoonoonoos na haikusogea hata karibu na hapo. Disko ilikuwa imechokwa Ulaya. Watu walitaka wimbo mwingine wa disko kama Rasputin yao ya 1978, wakapewa albamu yenye jina wasiloweza kulitamka. Ni neno la Kijamaika, la kumwitia mtu au kitu kizuri unachokipenda kweli. Mwaka ule ule ulipokuwa unaisha, Bobby akaondolewa kundini. Basi ikabaki na sifa ya albamu ya msiba, albamu ya mwisho wa raha.

Sisi huku tukawa na kosa la ziada la kuwahesabia: Malaika yetu. Wimbo wa Fadhili William, au wa Adam Salim kama unasimama upande huo, sitaki kuufungua hapa ugomvi wa nani aliutunga. Miriam Makeba alishautembeza duniani tangu miaka ya 1960, tukaona inatosha. Walipokuja Boney M. tukawa wakali. Nikiri: matamshi yana kasoro. Kuna maneno yametafunwa, kuna mahali mtu asiyejua wimbo hawezi kuelewa kinachosemwa. Liz anaimba Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Nilikuwa nasikia aibu kila ukipigwa mbele ya wageni.

Baada ya harusi ile nilikwenda kuitafuta kanda ya baba. Ilikuwepo kwenye boksi la viatu, jalada limepauka. Nikaazima redio kaseti kwa jirani. Kanda imelegea, nikaingiza kalamu kwenye tundu nikaizungusha taratibu mpaka ikakaza, kama tulivyokuwa tunafanya utotoni. Ndani ya Ride to Agadir kuna mahali redio ya zamani iliwahi kuitafuna, baba akaiunga na selotepu. Ukifika hapo sauti inazama, kama wale wapanda farasi wa kwenye wimbo wameingia shimoni, kisha inarudi. Nimeusikiliza wimbo huo kwenye simu pia, bila mkato, na nakuambia kwa moyo mmoja naupenda zaidi wenye mkato.

Nikaisikiliza yote, nimekaa sakafuni. Mara ya kwanza nilisikiliza kama mtu anayetafuta ushahidi wa kumpelekea yule dijei. Mara ya pili nikasahau habari zake.

Wimbo wa jina la albamu ni furaha tupu. Umeunganishwa na nyimbo nyingine za visiwani ndani yake, na ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinafanyika. Kundi hili lilijengwa Ujerumani, likaimbishwa disko ya Kijerumani kwa miaka mitano, likavalishwa mavazi ya kumetameta. Hapa linapelekwa Jamaika na unasikia wale akina dada wamelegeza mabega. Hawabanwi na ule mdundo wa kupiga mguu sakafuni. Liz anapoimba humo, ni sauti ya mtu aliye nyumbani.

Halafu kuna Homeland Africa. Huu nilikuwa nauruka kila mara, miaka yote, kwa sababu ni mzito na hauchezeki. Ni wimbo wa meli, wa watu kung'olewa kwao. Ukiusikiliza huo, kisha ukausikiliza Malaika, hasira zote za matamshi zinakuishia. Liz hakuchukua wimbo wetu kama mtalii anayenunua kinyago. Kwenye albamu moja analilia nchi ambayo mababu zake walitolewa, na anajaribu kusema maneno ya upande huu wa bahari kwa lugha ambayo hakuna aliyemfundisha utotoni. Tena wimbo wenyewe ni wa kijana anayemtaka msichana na hana mali ya kumwolea. Ukiimbwa na Liz, polepole vile, umaskini wenyewe unasikika. Nilipofika hapo nililia. Sitaficha.

Sasa nisije nikaonekana nimepofuka. Sad Movies haikuhitajika kabisa, wimbo wa zamani wa Kimarekani uliorudiwa bila kuongezewa chochote. Silly Confusion inapita tu. We Kill the World ina nia njema, inalilia dunia inavyoharibiwa, miti na bahari, na ilisema hayo 1981 kabla wengi hawajayasema. Lakini kile kipande cha pili kinachoimbwa na mtoto kinanipa shida, ni kitamu mno, sukari juu ya sukari. Albamu nzima ina vitu vingi mno vilivyorundikwa pamoja, vinanda juu ya kwaya juu ya vinanda, na Farian hakujua kuacha nafasi. Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuipa nyota tatu kwa tano, na niliona nimekuwa mkarimu.

Lakini nikikumbuka lile neno "wenyewe waliikataa" damu inachemka upya. Wenyewe nani? Mwaka ule ule wa 1981 walitoa na albamu yao ya Krismasi, na kila Desemba tunaipiga kuanzia asubuhi hadi usiku, madukani, kwenye mabasi, majumbani, na sijasikia dijei hata mmoja akisema hao ni wazungu. Na baadaye, 1983, wakachukua tena wimbo wa huku kwetu, Jambo Bwana wa Them Mushrooms, wakaurekodi kwa namna yao. Watu hawa walitutazama mara mbili wakati wasanii wengi wakubwa wa Ulaya hawakujua hata Kiswahili kipo. Kosa lao ni kutamka vibaya. Letu ni kuwacheka miaka arobaini.

Nyota nne, basi. Nne kamili. Sad Movies nimeisamehe, haichukui muda mrefu.

Kama wewe ni shabiki wa zamani na uliiacha kama nilivyoiacha mimi, usianze na Malaika. Utaanza kusahihisha matamshi na hutasikia kitu kingine. Anza na wimbo wa jina la albamu, nenda Ride to Agadir, kisha Homeland Africa ukiwa umekaa, usiwe unafanya kazi nyingine. Malaika iweke baada ya hapo. Na usisikilize kwa zile spika ndogo za simu, maana kwaya yote inageuka kelele na utarudi kunilaumu.

Yule dijei sijamsamehe. Dada yangu anasema nimezidisha, kwamba kijana alikuwa anatafuta riziki na watu walitaka kucheza. Labda ni kweli. Angeweza kuupunguza sauti taratibu kama wanavyofanya siku zote. Angeweza kumsubiri mtu mzima arudi kitini. Maiki ile haikuwa na lazima.

Jumapili moja baada ya hapo nilibeba redio ya jirani na kanda, nikaenda kwa mama. Nikamwekea. Hakusimama kucheza, goti lilikuwa limevimba. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Ilipofika kwenye Malaika akaanza kuimba kwa chini, na nikagundua anaimba kama Liz. Maneno yale yale yaliyotafunwa anayatafuna vile vile, yeye ambaye Kiswahili ndicho alichozaliwa nacho. Nikamuuliza kwa nini. Akasema baba alikuwa anamwimbia hivyo kumchekesha, wakati ule kweli hakuwa na mali.

Aliurudisha mara tatu. Goodbye My Friend ndio aliniambia nisiuweke, nikaupitisha kwa kuzungusha mbele.