Nikifuta leo, Desemba nitaipata? Mwongozo wa kununua hifadhi ya mafaili

Mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, alirudi studio kwangu mwezi Desemba akitaka albamu ya sendofu ya binti yake. Kazi tuliifanya Agosti. Nikamwambia, "Mama, kaa hapo dakika mbili tu." Nikafungua folda ya Agosti kwenye laptopu, haipo. Kwenye simu, haipo. Nikaingia kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, kwa kujiamini kabisa, maana nalilipia kila mwezi. Haipo.

Dogo ninayefanya naye kazi alikuwa ameisafisha kompyuta mwezi Septemba kwa sababu imejaa. Huduma yetu ya mtandaoni ikamtii kama ilivyoundwa kutii: alichofuta kwenye laptopu ikakifuta kila mahali, ikakiweka kwenye tupio, siku 30 zilipokwisha ikakimwaga. Nilichookoa ni picha arobaini hivi ambazo nilikuwa nimemtumia yule mama kwa WhatsApp, zimeminywa hadi lesi ya gauni inaonekana kama uji. Nilimrudishia pesa. Albamu haikutoka.

Dogo sikumlaumu. Mimi ndiye niliyenunua kitu kimoja nikidhani nimenunua kingine, na naona wengi hapa mjini wananunua vivyo hivyo: wenye steshenari, walimu, wanafunzi wa Malimbe wenye tasnifu kwenye laptopu moja.

Chukua mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, mwenye makarani wawili. Karani wa kwanza ana daftari linalofanana na la bosi mstari kwa mstari. Bosi akiandika, naye anaandika. Bosi akichana ukurasa, naye anachana. Karani wa pili kila jioni ananakili daftari lote, anaandika tarehe juu, anafungia kabatini. Bosi akichana ukurasa leo, nakala ya jana bado ipo. Karani wa kwanza ndiye kusawazisha: Google Drive, OneDrive, Dropbox, iCloud Drive. Wa pili ndiye bakapu yenyewe: Backblaze, IDrive, Carbonite na wenzao. Wote wawili wanakaa "kwenye wingu", ndiyo maana tunawachanganya.

Kampuni nazo hazitusaidii. Windows hukuomba uruhusu OneDrive "ibakapu" folda zako za kazi, lakini kinachofanyika ni kuzihamishia kwenye folda inayosawazishwa. Google Photos nayo hutumia neno hilohilo. Ukifuta picha ndani ya programu hiyo ili simu ipate nafasi, inaondoka kwenye simu na kwenye wingu pia, kisha inakaa kwenye tupio siku 60 kama ilikuwa imeshapandishwa. Kuna kitufe tofauti cha kuondoa nakala za kwenye simu peke yake, na hicho ndicho cha kutumia. Wangapi wanakijua? Kila wiki naletewa simu na mtu anayesema picha "zimejifuta".

Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, uliza hivi: nikifuta faili leo bila kujua, nikagundua baada ya miezi minne, nitalipata? Google Drive, OneDrive ya mtu binafsi na Dropbox ya bure hushikilia kilichofutwa kwa siku 30. Kazi ya Agosti mteja huifuata Desemba. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu wa huku mwenye kipato cha huku.

Namba moja ni diski ya nje, ya terabaiti moja au mbili, ya jina linalojulikana: Seagate, WD, Toshiba. Najua ulitegemea nianze na wingu. Lakini shilingi ya kwanza iende hapa kwa sababu unailipa mara moja, na siku ya kurudisha kazi huhitaji bando. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilikuwa inatambaa. Mwenye nakala yake mezani aliendelea na kazi. Windows ina File History na Mac ina Time Machine, zote bure. Ukishazipanga zinanakili zenyewe kila diski inapochomekwa, na zinaweka matoleo ya nyuma ya faili, siyo la mwisho tu.

Kosa la watu ni kuiacha imechomekwa mwaka mzima. Radi za ukanda huu wa ziwa unazijua. Ikipita kwenye waya, kompyuta na diski vinaungua pamoja. Kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia nacho hakichagui, kinafunga na ya diski iliyochomekwa. Na mwizi akibeba begi la laptopu, diski iliyo kwenye mfuko wa pembeni haibaki. Nakili, chomoa, weka mbali.

Ukiweza, nunua mbili. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae nje ya jengo. Nimefurahi kwamba ni mpiga picha mwenzangu aliyeieneza na siyo muuza diski.

Namba mbili ni bakapu ya mtandaoni, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa nyingi hupotea.

Backblaze inafaa mtu mwenye kompyuta moja iliyojaa. Haina kikomo cha ukubwa kwa kompyuta hiyo, na bei yake ilipandishwa mwaka 2023 ikawa dola 99 kwa mwaka. Mabadiliko hayo yalikuja na jambo moja jema: unaweza kuchagua kutunziwa kilichofutwa kwa mwaka mzima bila kuongeza pesa. Lakini uchague mwenyewe kwenye mipangilio. Usipochagua, unabaki na siku 30, na unarudi kulekule nilikokuwa mimi. Inanakili na diski ya nje iliyochomekwa, ila ukikaa bila kuichomeka hadi kipindi hicho kiishe, inachukulia kwamba umeifuta. Simu haizihusu kabisa. Ni ya Windows na Mac tu.

IDrive ina kikomo cha ukubwa, lakini akaunti moja inabeba kompyuta kadhaa pamoja na simu. Kinachonivutia ni kwamba kilichofutwa kwenye kompyuta hakifutwi kule mpaka wewe mwenyewe uagize usafi. Kwa ofisi ndogo yenye kompyuta tatu na simu za wafanyakazi, ningechagua hii. Kwa mpiga video mwenye terabaiti nne, hapana, itamlemea.

Kabla ya kulipia yoyote kati ya hizo, pima kasi yako ya kupandisha, maana kasi ya kushusha ndiyo wanayotangaza na haikusaidii hapa. Mimi napata megabiti 4 kwa sekunde ikiwa siku nzuri. Harusi moja yenye picha na video, GB 60, inachukua kama saa 33. Kumbukumbu yangu yote ya GB 500 ingetaka siku 11 na nusu, usiku na mchana, umeme usikatike. Nani ana umeme wa hivyo? Ndiyo maana nilianza na kazi za mwaka huu tu, nikawa naiacha kompyuta inapandisha usiku, na za zamani zikafuata polepole kwa miezi. Usitumie bando la simu kwa kazi hii. Litaisha kabla hujafika kwenye kukata keki.

Malipo ni kwa kadi. Kadi za mtandaoni zinazotengenezwa ndani ya huduma za pesa kwenye simu zinafanya kazi sehemu nyingi, lakini hakikisha ina salio siku ya kukatwa. Weka kengele wiki moja kabla. Huduma ikikosa malipo haitakuja kukugongea mlango.

Namba tatu ni kusawazisha kwa kulipia. Usinielewe vibaya, mimi bado nalipia. Naanza kuhariri studio, namalizia nyumbani Nyegezi bila kubeba chochote, na mteja namtumia kiungo apakue mwenyewe. Kwa kazi hiyo karani wa kwanza hana mpinzani. Kama una steshenari, Microsoft 365 ya mtu mmoja inakupa Word na Excel halali pamoja na terabaiti moja ya OneDrive, na kwa thamani sioni inayoishinda. Kama maisha yako yako kwenye simu ya Android, ongeza nafasi ya Google. Angalia bei kwenye simu yako mwenyewe kabla ya kukubali. Dropbox inasawazisha vizuri, lakini kwa mtu mmoja wa huku sioni cha kumlipia zaidi ya hizo mbili.

Za bure zinafuata. Google GB 15, OneDrive na iCloud GB 5 kila moja, Dropbox GB 2. Zinatosha vyeti, CV, mikataba na tasnifu. Kumbuka GB 15 za Google zinagawanywa na barua pepe na picha, na tangu 2024 bakapu ya WhatsApp ya Android nayo inakula humohumo. Magrupu ya familia yakijaza video za asubuhi njema, barua pepe za kazi zinaanza kugoma. Na akaunti ya Google usiyoigusa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Mwisho kabisa ni flashi. Ni chombo cha kusafirishia tu. Ukiona pale Makoroboi flashi ya terabaiti 2 kwa bei ya chipsi kuku, achana nayo: ndani kuna kumbukumbu ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa, na ikishajaa inaandika juu ya mafaili yako bila kukuambia. Kama umeshanunua, ipime kwa programu ya bure iitwayo H2testw kabla hujaweka hata picha moja.

Ukishapanga chochote kati ya hivi, jaribu kurudisha. Chagua folda moja ya miezi mitatu nyuma, irudishe kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ufungue mafaili uyaone kwa macho. Mimi mara ya kwanza nilipojaribu niligundua video zote zilikuwa zimerukwa, kwa sababu nilizihifadhi kwenye diski ambayo sikuitia tiki.

Diski yangu ya pili iko Sengerema kwa dada. Kila mwisho wa mwezi namtumia iliyojazwa kwa mtu anayevuka, naye ananirudishia ya zamani. Hajui ndani kuna nini. Anaiita "kile kidude cha harusi", na amekiweka juu ya kabati, chini ya vitenge.