Mbegu ya mpunga kwa mabonde yenye chumvi: ipi itangulie kununuliwa

Wasomaji wanaolima karibu na mdomo wa mto Lukuledi, na wengine wa upande wa Ruvuma, wanalalamika kwamba mpunga uliostawi vizuri umewatolea masuke yaliyojaa mapepe, yaani maganda matupu yasiyo na punje. Lawama yangu naielekeza dukani. Wapo wauzaji wanaoloweka mbegu kwenye maji ya chumvi, wakamwonyesha mteja jinsi inavyochipua, kisha wakamhakikishia kuwa inastahimili, ilhali kuota ndiko kusikoupa mpunga shida kubwa.

Mpunga hulemewa na chumvi mara mbili: ukiwa mche wa majani mawili matatu, ambapo ncha za majani hukauka na kuwa nyeupe, na tena kuanzia suke linapoumbika hadi kuchanua. Kwa kawaida mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa jinsi udongo unavyopitisha umeme), na kila desisimensi inayoongezeka hupunguza takribani asilimia 12. Udhaifu wa kwanza unaepukika kwa kukuza kitalu kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kupandikiza miche iliyokomaa, ya siku 30 hivi. Wa pili hauepukiki kwa njia hiyo, kwani chavua huharibika na punje hazijai. Hata Saltol, sehemu ya kinasaba maarufu iliyotokana na mpunga wa Pokkali wa India, husaidia zaidi mche kwa kuzuia sodiamu isifike kwenye majani. Kwa hiyo muulize muuzaji mbegu yake ilijazaje punje shambani, si ilivyoota.

Nafasi ya kwanza naipa SATO 1 na SATO 9, wala sifichi upendeleo wangu, kwa kuwa zilizalishwa mahususi kwa ajili ya chumvi. SARO 5 inafuata: huzaa sana penye maji mazuri, lakini haikukusudiwa mabonde yanayofikiwa na bamvua. Mbegu ya Supa ya kuchukua kwa jirani, kwa bei yoyote, ibaki mashamba ya juu yenye maji baridi.

Kinachoniudhi ni upatikanaji. Naliendele, huku Mtwara, tunayo TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) ya korosho na ufuta, ila utafiti wa mpunga uko Ifakara na Dakawa, na mbegu ikishafika huku hubebeshwa nauli yote, mara nyingine ikiwa imefunguliwa na kuuzwa kwa kopo. Usinunue ya kopo. Dai mfuko wenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, pamoja na risiti, maana bila hivyo huna wa kumrudia mapepe yakitokea.